Baridi inaingilia wapi? Utatuzi wa matatizo ya mavazi kwa wanaoendesha baiskeli wakati wa theluji

Theluji ya kwanza ikishadondoka Minneapolis, mji wa kaskazini mwa Marekani, malalamiko ya Waswahili wanaokwenda kazini kwa baiskeli huwa yale yale: vidole vimekufa ganzi, miguu haisikii kitu, nimefika nimelowa chapachapa. Na karibu kila anayelalamika ameshanunua koti la pili. Koti halina kosa. Baridi humpata mwendesha baiskeli kwa milango mitatu: unyevu, upepo, na vazi linalobana damu isipite. Uchache wa nguo ni mlango wa nne, na mara nyingi umeshafungwa. Ndiyo maana katika kila tatizo hapa chini tunaanza na hiyo mitatu, kwa sababu kuikagua ni bure.

Upepo una hesabu yake. Baiskeli hujitengenezea upepo hata siku ambayo bendera hazipepei. Kwa kanuni inayotumika Marekani na Canada tangu 2001, nyuzi -10 pamoja na upepo wa kilomita 20 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama vile ni -18. Kilomita 20 kwa saa ni mwendo wa kawaida tu wa mtu anayewahi zamu. Kwenye -20, mwendo huo huo hukufikisha karibu -30, na hapo ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. (Nyuzi zote humu ni za Selsiasi. Kwa aliye Marekani, -10 ni 14 ya Farenhaiti, na -20 ni -4.)

Kwanza kabisa: dalili za kukushusha kwenye baiskeli

Haya hayasubiri ufike. Ukiyaona kwako au kwa mwenzako, ingia ndani ya jengo lolote lililo karibu, iwe duka, kituo cha mafuta au maktaba.

*Kutetemeka usikoweza kukuzuia, ulimi kuwa mzito, kushindwa kufunga zipu, kujikwaa, kuongea mambo yasiyoeleweka.* Joto la mwili linashuka kuelekea chini ya nyuzi 35, na hiyo ndiyo haipothemia. Mtu akiacha kutetemeka ilhali bado yuko baridini, usidhani amepata nafuu, amezidiwa. Piga 911 ukiwa Marekani au Canada, 112 ukiwa nchi nyingi za Ulaya. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpashe kifua na tumbo kabla ya mikono na miguu. Akiwa na fahamu zake na anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari. Pombe hapana, hata kama mzee fulani atakuapia kwamba inapasha moto.

*Sehemu ya ngozi imekufa ganzi, imekuwa ngumu na laini juu kama nta.* Hiyo ni ngozi inayoganda. Mabango mengi husema uangalie ngozi nyekundu kisha nyeupe, lakini sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huo hatuuoni. Tafuta mahali palipopauka au kuwa kijivu kuliko pembeni yake, kisha gusa: ganzi na ugumu ndio ushahidi. Jambo hili lina uzito kwetu, kwani tafiti katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi zaidi ya wenzao. Kwa hiyo usijipime kwa mfanyakazi mwenzako aliyezaliwa hapa ambaye anaendesha bila glavu.

Ukiwa ndani, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39. Mtu mwingine ayapime kwa kiwiko, maana mkono wenye ganzi haujui maji yanayochemka. Usisugue, usipake theluji, usisogelee hita wala moto. Na kama utalazimika kutoka tena nje, usiyeyushe kwanza: kuganda mara ya pili huharibu kuliko mara ya kwanza. Malengelenge, weusi, au hisia kutorudi baada ya kupashwa ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo, si kesho baada ya zamu.

*Mwenye selimundu akianza kuumwa mifupa, kifua au mgongo.* Baridi na ukosefu wa maji huweza kuamsha maumivu ya ugonjwa huu. Asianze kabisa kuendesha majira ya baridi bila kuzungumza na daktari wake, na maumivu yakimkuta njiani asijikaze.

"Nafika nimelowa jasho, halafu natetemeka"

Naliweka mbele kwa sababu ndilo linalozaa mengine mengi.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni kuvaa kupita kiasi. Kipimo kiko mlangoni: ukitoka nje na kujisikia raha kabla hujakanyaga pedeli, umeshakosea. Dakika kumi za mwanzo zinatakiwa ziwe na ubaridi kidogo, kisha miguu ikianza kazi joto linakuja. Vua moja, weka kwenye begi. Ni vigumu kulikubali hili kwa mtu aliyekulia Tanga au Bujumbura, ambaye akili yake yote inamwambia aongeze, lakini jaribu wiki moja.

Ya pili ni pamba. Geuza nguo, soma lebo. Fulana ya pamba, soksi za pamba, suruali ya jinzi: zote hunywa jasho na kukaa nalo, na jasho hilo likipoa linakupoza wewe. Linalogusa ngozi liwe sufu, hasa ile nyembamba ya kondoo wa merino, au poliesta ya michezo. Sufu hubeba unyevu mwingi na bado ikakupa joto. Poliesta hukauka haraka ila huanza kunuka mapema. Kwa fedha za mtu anayeanza maisha, poliesta inatosha.

Ya tatu ni koti lisilopumua. Koti la mvua la plastiki huzuia upepo, ni kweli, lakini jasho nalo linakosa pa kutokea. Tafuta jaketi jepesi la kuzuia upepo lenye zipu ndefu, na zipu hiyo itumie kama bomba la maji: fungua ukipanda daraja, funga ukishuka. Lile koti nene la manyoya ya bata liache kwa kusimama kituo cha basi. Manyoya yakilowa hujikunyata na joto lote huondoka.

Begi la mgongoni ni sababu ya nne. Likihamia kwenye keria, mgongo hukauka.

Kwa ufupi wa mavazi: la ndani la kukausha, la kati la joto kama sweta la sufu au flisi, la nje la kuzuia upepo. Karibu na sifuri, la ndani na la nje huwatosha wengi. Kwenye -10 ongeza la kati. Chini ya hapo kinachoongezeka zaidi ni ulinzi wa mikono, miguu na uso, si unene wa kifua.

Kuna watu wawili ambao hesabu hii haiwahusu. Mwenye baiskeli ya umeme anayeacha mota ifanye kazi yote hazalishi joto. Avae kama mtu aliyesimama. Na anayepeleka vyakula huendesha dakika nane, kisha husubiri mgahawani au kwenye baraza la mteja dakika kumi na mbili. Huyo abebe vazi moja la ziada juu ya mzigo, alivae kila anaposimama na kulivua kabla ya kuondoka. Inachosha. Ndiyo kazi yenyewe.

"Vidole vya mikono vinakufa ganzi"

Anza kwa kukagua kubana. Vaa glavu, kunja ngumi, kunjua. Ukihisi ncha za vidole zinagusa kitambaa au kiganja kinavutwa, glavu ni ndogo na damu haifiki. Aliyevaa glavu mbili, moja ndani ya nyingine, mara nyingi amejifunga mwenyewe. Angalia pia mkono wa jaketi na saa: vikibana kifundo, hakuna glavu itakayosaidia.

Kisha upepo. Vaa glavu, puliza kwa nguvu juu ya vidole. Ukiisikia pumzi ndani, glavu hiyo ni ya kutembelea, si ya baiskeli, hata ikiwa nene na nzuri kiasi gani. Glavu za kufuma ndizo zinazowadanganya wengi.

Kisha unyevu. Zikague kwa ndani asubuhi. Glavu ya jana ambayo haijakauka ni baridi iliyokungoja usiku kucha.

Kama zote tatu ziko sawa, tazama kiwiliwili. Mwili ukihisi kifua kinapoa, hupunguza damu inayokwenda kwenye vidole ili kulinda moyo na ini. Kwa hiyo mtu wa fulana na jaketi tupu kwenye -12 anaweza kununua glavu za bei yoyote na bado akalia. Funika shingo kwanza. Skafu ya bomba shingoni ni rahisi kuliko glavu na mara nyingi ndiyo dawa.

Baada ya hapo ndipo utumie fedha. Glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake hupasha kuliko zenye vidole vitano, kwa kuwa vidole hugawana joto. Kuna pia za katikati, vidole viwili viwili, ambazo zinakuachia uhuru wa breki. Lakini kitu ninachokipigia debe kuliko vyote ni mifuko ya usukani: ile inayovishwa kwenye hendeli, ukaingiza mkono ukiwa na glavu nyembamba tu ndani. Waendesha bodaboda wa sehemu za baridi wanaijua vizuri. Haipendezi machoni, lakini huzuia upepo wote, na breki na gia unazishika kama wakati wa kiangazi.

*Onyo:* kabla ya kuingia barabarani na glavu mpya nene, jaribu kufunga breki zote mbili mara kadhaa ukiwa umesimama. Kama vidole vinateleza au vinachelewa, glavu hiyo ni hatari kuliko baridi. Vile vipakiti vya kupasha mkono, vyenye unga wa chuma, visikae juu ya ngozi tupu. Huunguza, na aliye na ganzi hatajua.

*Umwone daktari* kama vidole hupauka ghafla na kuuma hata kwa baridi ndogo tu, kwa mfano ukishika kitu cha friji. Huenda ni tatizo la mishipa ya damu linaloitwa ugonjwa wa Raynaud, na hilo halitibiwi kwa glavu.

"Miguu inaganda ingawa nimevaa soksi mbili"

Inaganda *kwa sababu* umevaa soksi mbili, uwezekano mkubwa. Soksi ya pili kwenye kiatu kile kile huibana miguu na kuondoa hewa ambayo ndiyo ingeshika joto. Fungua kamba, chezesha vidole. Visipocheza, vua soksi moja, au chukua kiatu kikubwa kwa saizi moja. Soksi moja nene ya sufu ndani ya buti pana huzishinda tatu za pamba ndani ya raba.

Pili ni matundu. Raba za mazoezi zimetengenezwa ziingize hewa. Ukitaka dawa ya dharura leo hii, vaa soksi, kisha mfuko wa plastiki wa mkate, kisha kiatu. Mguu utatoka jasho kidogo lakini upepo hautaingia. Kwa safari ya nusu saa inafaa. Kwa siku nzima haifai, kwa maana ngozi italainika na kuchubuka.

Tatu ni baridi inayopanda kutoka chini. Wenye viatu vya mbio vilivyo na chuma kwenye soli, ule mfumo wa kubana kwenye pedeli, wana kipande cha chuma kinachopitisha baridi moja kwa moja hadi kwenye unyayo. Wakati wa theluji rudi kwenye pedeli bapa na buti za kawaida. Hutapoteza mbio yoyote, na kwenye barafu utaweza kutoa mguu haraka. Kwa wengine, soli ya ndani ya sufu au ya kitambaa kizito hutosha.

Nne ni maji yanayorushwa na gurudumu. Madigadi refu la mbele ni sehemu ya mavazi, ingawa halivaliwi. Maji ya theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabarani hupenya buti na baadaye huila ngozi yake.

Yote yakishindikana, shuka, sukuma baiskeli dakika tano. Kutembea hurudisha damu kwenye vidole kuliko kupiga pedeli. Ganzi isipoisha baada ya robo saa ukiwa ndani ya nyumba, rudi kule juu kwenye dalili za kukushusha. Na mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu asitumie ganzi kama kipimo. Anaweza kuumia bila kujua. Aulize kwanza kliniki.

"Masikio na mashavu yanauma"

Helmeti ina matundu ya kupoza kichwa wakati wa joto. Januari matundu hayo hayana huruma. Boshori nyembamba, au mzula kama wasemavyo Tanzania, inayofunika masikio na kukaa *chini* ya helmeti humaliza nusu ya kesi. Isiwe nene: kofia ya kufuma yenye kishungi huinua helmeti, na helmeti iliyoinuka haikulindi ukianguka. Baada ya kuivaa, tikisa kichwa; helmeti ikicheza, legeza au kaza mikanda upya. Wanaovaa hijabu wameshapata nusu ya suluhisho. Ya sufu nyembamba au ya kitambaa cha michezo, ncha zikiwa zimeingizwa ndani ya jaketi, hufanya kazi ya boshori na skafu kwa pamoja.

Sasa Vaseline. Sote tumelelewa nayo, na kila mwaka kuna anayepaka uso mzima kabla ya kutoka akiamini ni ngao. Inazuia ngozi kukauka na kupasuka midomo, basi. Haizuii kuganda. Watafiti wa Finland waliowachunguza vijana wa jeshi la lazima waliona kwamba waliopaka mafuta ya kujikinga usoni waliumizwa na baridi zaidi, pengine kwa kuwa walijisikia salama wakaacha kujifunika. Paka kwa ajili ya ngozi, kisha funika kwa kitambaa.

"Miwani inaingia ukungu"

Skafu imekaa juu ya pua na pumzi inapanda. Ishushe hadi chini ya pua, au ibane kwa miwani ili pumzi itokee chini. Ukisimama kwenye taa nyekundu, telezesha miwani mbele kidogo. Chini ya -15 na upepo, wengi huishia kwenye miwani mikubwa ya kuteleza thelujini, na hawarudi nyuma.

"Kifua kinabana, nakohoa"

Hewa baridi ni kavu, na ukipumua kwa kasi hukausha njia za hewa hadi zikajikaza. Punguza mwendo, pumua kupitia skafu. Kitambaa hushika unyevu na joto la pumzi inayotoka na kukurudishia unapovuta. Kikohozi kidogo kinachoisha ndani ya dakika chache ni cha kawaida. Mluzi kifuani, au kikohozi kinachojirudia kila safari, ni dalili inayoweza kuwa ya pumu. Nenda upimwe, usijipe inhela ya rafiki. Maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono au taya si suala la nguo hata kidogo. Simama, piga simu ya dharura.

"Nikishika daraja, upepo unanichoma tumboni na mapajani"

Hapa ni upepo mtupu. Njia ya baiskeli ya Midtown Greenway, hapo Minneapolis, kwa sehemu kubwa imezama chini ya usawa wa barabara, hivyo mtu hujisahau. Akitoka humo na kufika kwenye daraja la mto Mississippi ndipo anajua alichovaa. Dawa ya zamani ya waendesha baiskeli wa milima ya Ulaya ni gazeti chini ya jaketi kabla ya mteremko, na bado inafanya kazi. Mwaka 1988, mashindano ya baiskeli ya Italia, Giro d'Italia, yalipopita mlima wa Passo di Gavia katikati ya dhoruba ya theluji, Andy Hampsten alivuka na kuvaa fulana ya waridi ya kinara, akisaidiwa na mavazi ya theluji ambayo timu yake ilikuwa imeyatayarisha. Alimaliza mashindano hayo akiwa Mmarekani wa kwanza kuyashinda.

Kwa mapaja, suruali nyepesi ya kuteleza thelujini juu ya taiti inatosha hadi baridi kali. Wanaume wanaonong'ona kuhusu sehemu isiyotajwa: boksa yenye kipande cha kuzuia upepo mbele ipo madukani, na soksi ya ziada iliyowekwa mahali pake imewasaidia wengi kimyakimya. Anayevaa sketi au dira avae taiti ya sufu ndani na afunge wavu kwenye gurudumu la nyuma, kitambaa kisije kikaliwa na spoku.

Usinunue haya mapya. Mitumba haikuishia Gikomba na Kariakoo: suruali za theluji na sweta za sufu hujaa kwenye maduka kama Goodwill, na bei yake ni ndogo kuliko ya mpya za dukani. Soma lebo tu.

"Asubuhi nilikuwa sawa, jioni nimeganda kwa nguo zile zile"

Nguo si zile zile. Zina jasho la asubuhi. Ukifika kazini, tandaza glavu na boshori juu ya kiti, usizikunje ndani ya helmeti. Toa soli za ndani za buti, sokota magazeti ndani, na uyabadilishe baada ya saa moja au mbili kama unaweza. Weka soksi kavu kabatini kwako daima. Usianike juu ya hita ya umeme: kitambaa kinaweza kushika moto, na gundi ya buti huachia.

Sababu ya pili ni njaa na uchovu. Zamu yenye urefu wa saa kumi bila chakula cha maana huacha mwili bila kuni za kuwasha. Kula kabla ya kufungua kufuli, na kunywa maji, kwa kuwa wakati wa baridi kiu haiji yenyewe.

Ya tatu ni kwamba jua limezama na upepo umegeuka, kitu ambacho utabiri ulikwambia saa sita mchana. Kama unaonyesha kushuka chini ya -25 pamoja na upepo, mabasi mengi ya mjini yana kishikio cha baiskeli mbele. Pandisha baiskeli, kaa ndani.